Nikirudi, Napata Nini?

Wapwa zangu, kabla sijasema lolote kuhusu mbwa, nataka mwende Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo. Mwende na mtu mzima, mshikane mikono, maana Kariakoo mtoto hupotea mara moja. Simameni pembeni, migongo ukutani, msikilize.

"Karibu mteja! Karibu dada! Bei ya leo, kesho haipo!" Huyu anapiga makofi. Yule ameweka spika juu ya meza, inarudia bei ileile tangu asubuhi. Mwingine amepanda juu ya stuli, anapunga gauni. Wote wanaita. Sasa mtazameni mama yule aliyebeba kikapu. Wanamwita huku, wanamwita kule. Anapita. Anapita. Anapita tu. Halafu kijana mmoja, wala hapigi kelele, anasema, "Mama, umepotea sana siku hizi!" Mama anasimama. Anatabasamu. Anageuka na kurudi.

Kwa nini amerudi kwa huyo mmoja?

"Labda wanajuana, Mjomba."

Hongera kwa jibu hilo! Wanajuana. Mwezi uliopita alinunua shuka kwake. Shuka ilikuwa nzima, bei ilikuwa ya haki, na kijana akamwongezea foronya moja. Ndiyo maana sauti ya kijana, hata ikiwa ndogo, mama anaisikia katikati ya makelele yote yale.

Shikeni hilo. Mbwa wako ni mteja. Huyo mama tutamhitaji tena.

Sasa hadithi. Paliondokea mbwa mmoja, jina lake Bobi. Alikuwa wa kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Aliishi nyuma ya Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya zamani, ile ya vyumba sita na uani, iliyobanwa na maghorofa huku na huku. Usiku alilinda stoo ya magodoro. Jioni, geti likifunguliwa, alichomoka mbio hadi mwisho wa kichochoro, nyuma ya bucha, ambako mbwa wa mtaa walikusanyika. Na mtoto wa nyumba ile, yuko darasa la tano, alisimama getini akiita.

"Bobi! Bobi! Bobi! Wewe Bobi!"

Bobi hakugeuka.

"Mjomba, kwani hasikii?"

Swali zuri. Tumuulize mwenyewe.

"Mimi? Nasikia sana," alisema Bobi. "Nasikia hata sauti nyembamba ambazo ninyi hamzipati kabisa. Lakini hapa tuko mbwa watano. Mmoja ametoka upande wa Gerezani, simjui, na nataka kumjua. Pua yangu inaniambia kama ni dume au jike, kama ni mzima au mgonjwa, kama amekula utumbo au amelala njaa. Ninyi mnasalimiana kwa mdomo, sisi kwa pua. Niko katikati ya salamu, naitwa! Basi najiuliza swali moja tu: nikirudi, napata nini? Jana nilirudi, nikapigwa kandambili. Juzi nilirudi, nikafungwa mnyororo. Siku ile ya mvua nilirudi, nikamwagiwa maji ya sabuni. Nikirudi, napata nini? Leo nabaki."

Mnacheka? Msicheke. Bobi amesema kweli tupu. Ndani ya pua yake mna vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100. Wewe na mimi tunavyo kama milioni 5 au 6 tu. Mbwa mgeni akitokea, kwa Bobi ni habari kubwa kuliko zote za siku ile.

Na kandambili je? Watu wazima wengi husema mbwa asiyerudi ni mkaidi. Mimi nakataa. Bobi si mkaidi. Bobi ni mwanafunzi hodari aliyefundishwa somo baya. Kila alipoitwa na kurudi alipata jambo baya, naye akalishika somo. Ungekuwa wewe, ungerudi?

"Lakini Mjomba, si aachwe tu acheze? Kwani lazima arudi?"

Nakupenda kwa swali hilo, maana umemwonea huruma. Lakini tazama mahali anapoishi. Hatua chache kutoka kichochoroni kuna bodaboda, bajaji, mikokoteni na malori yanayoshusha mizigo. Mbele kidogo linapita basi la mwendokasi. Mbwa anayemkimbilia mwenzake hatazami barabara.

Tena kuna majirani. Mzee anatoka nyumbani kwenda kuswali Magharibi. Ameshatia udhu, kanzu yake nyeupe. Mbwa akimrukia na mate yake, mzee itambidi arudi akajitwaharishe upya, na adhana imeshaadhiniwa. Mbwa hana kosa, hajui. Mwenye mbwa ndiye anayepaswa kujua. Mbwa anayerudi akiitwa ni heshima kwa jirani. Kariakoo, ambako tunaishi ukuta kwa ukuta, heshima hiyo haina mbadala.

Basi mtoto wa nyumba ile akaja kwangu. "Mjomba, nifanyeje?" Nikamwambia kwanza aliache jina la Bobi lipumzike. Limechoka. Limeitwa kwa hasira, limeitwa kwa kugombezwa, limeitwa mara kumi mfululizo bila maana. Tulihitaji mwito mpya kabisa, ambao Bobi hajawahi kuusikia ukiambatana na kandambili.

Akasema, "Basi tumwite Simba!" Hapana, mwanangu. Klabu ya Simba iko Mtaa wa Msimbazi, hapo hapo jirani. Siku ya mechi neno hilo linapigiwa kelele kila kona. Mbwa akisikia neno mchana kutwa na hakuna kinachofuata, anajifunza kwamba neno hilo ni kelele tu. Tukachagua mluzi. Mfupi mmoja, mrefu mmoja. Fyu, fyuuu.

Kisha tukaenda buchani kununua mapupu. Yanauzwa rahisi, na mbwa wa Dar es Salaam wanayajua. Yakachemshwa bila chumvi, yakapozwa, yakakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Vidogo hivyo makusudi, ili mbwa ale vingi bila kushiba. Ugali wake wa dagaa haufai kwa kazi hii. Ugali anaupata kila siku, awe amerudi au hajarudi. Cha kumrudisha lazima kiwe kitamu kuliko cha kila siku.

Somo la kwanza lilifanyika uani, geti limefungwa. Mtoto akapiga mluzi, akatoa kipande. Fyu, fyuuu, pupu. Fyu, fyuuu, pupu. Bobi hakutakiwa kufanya lolote.

"Hata kukaa, Mjomba?"

Hata kukaa. Kwanza tunataka masikio yake yaamini kwamba mlio huu haudanganyi. Mnajua nani wanafundisha hivi? Nendeni Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO linafundisha pale panya buku. Ndiyo, panya buku, ndugu wa hao mnaowaona usiku kwenye mitaro! Wanafundishwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa. Wanaanzia wapi? Kwenye mlio mdogo wa kidude cha mkononi na kipande cha ndizi. Mlio, ndizi. Mlio, ndizi. Panya mmoja wa pale, Magawa, alizaliwa 2013 akapelekwa Kambodia. Huko aligundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, likampa medali ya dhahabu. Kabla yake hakuna panya aliyewahi kuipata. Kazi kubwa namna ile ilianza kwa mlio na ndizi.

Bobi alipoanza kugeuka kila asikiapo mluzi, tukaongeza umbali. Mtoto akasimama huku, dada yake kule penye mitungi ya maji. Huyu anapiga mluzi, Bobi anakwenda. Yule anapiga mluzi, Bobi anarudi. Mkia wake ulikuwa haukai. Tukaacha angali anataka zaidi. Hilo kumbukeni: acheni mapema, kabla mbwa hajachoka.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu kuinama. Vitabu vingi vya kigeni vinasema mwito ukitoka, chutama, mbwa atakuja mbio. Huku kwetu angalieni. Jaribu kuinama ghafla mbele ya mbwa wa mtaa, utaona anavyobana mkia na kukimbia. Kwa nini? Kwa sababu amezoea kwamba mtu akiinama, anaokota jiwe. Inaniuma kulisema, lakini waliomzoesha hivyo ni watoto wa mitaa yetu, na wakubwa wao wakitazama. Bobi naye aliwahi kupigwa mawe kabla hajaletwa nyumba ile. Basi mtoto wetu alichutama polepole, ubavu ukiwa umemwelekea Bobi, viganja wazi. Bobi akasogea. Akanusa kiganja kimoja, akanusa na cha pili. Hakuna jiwe. Akala pupu.

Baada ya uani tukatoka nje, na hapo ikaja kamba. Kamba ya katani, kama mita 10, imefungwa kwenye mkanda wa shingoni, inaburuta chini. Kamba hii si ya kumvuta. Ukimvuta, mwili unarudi na akili inabaki kule. Kamba kazi yake ni moja: mbwa asipate nafasi ya kujifunza kwamba mluzi unaweza kupuuzwa. Akitaka kuchomoka, mtu mzima anaikanyaga kamba kwa kiatu, basi.

"Mjomba, mbona mbwa wa polisi wanatulia hata katikati ya umati?"

Ahaa! Wewe unatazama mambo kwa makini. Jeshi letu la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na mbwa wake huonekana kwenye mikusanyiko mikubwa. Lakini hakuna mbwa anayeanza masomo katikati ya umati. Anaanza mahali patulivu, kelele zinaongezwa kidogo kidogo. Watu wengi wanakosea hapo. Wanafundisha uani leo, kesho wanamfungulia kati ya mbwa sita, kisha wanalalamika kwamba hajui kitu.

Sisi tulikwenda alfajiri, upande wa Mnazi Mmoja, kabla watu hawajajaa. Mbwa wawili wa mtaa walikuwa mbali, upande wa pili kabisa. Bobi akawaona. Masikio yakasimama, hata lile lililolala. Mwili ukakaza. Mtoto akamsogezea pupu puani. Bobi hakuligusa.

Hapo pana siri, ishikeni. Mbwa mwenye hamu ya kula siku zote, akikataa kitamu kilicho mbele ya pua yake, ujue umemsogeza karibu mno na wenzake. Usimkaripie. Usipige mluzi, utaupoteza bure. Rudi nyuma naye. Hatua kumi. Hatua ishirini. Mpaka akumbuke kwamba ana mdomo. Tulirudi nyuma, Bobi akashusha pumzi, akala. Ndipo mluzi ukapigwa. Akageuka! Hakupewa kipande kimoja siku ile. Alipewa kimoja, kingine, kingine, kingine, na maneno matamu juu yake.

Kila alfajiri tulisogea kidogo. Siku nyingine tulisogea, siku nyingine tukarudi nyuma, maana mbwa ana siku zake kama mtu.

Hatimaye tukampata rafiki. Mlinzi wa duka la jirani ana mbwa jike mpole, amechanjwa, hapigani. Bobi akafunguliwa kucheza naye, kamba ikiburuta. Mtoto akataka kumwita palepale. Nikamzuia. Waache wasalimiane kwanza. Waache wanusane, wazungukane. Subiri Bobi ainue kichwa kidogo. Sasa!

Fyu, fyuuu.

Mara moja tu. Ukipiga mara tano, unamfundisha kusubiri ya tano. Bobi akamtazama yule jike. Akamtazama mtoto. Nikaliona lile swali usoni mwake: nikirudi, napata nini? Akaja mbio, masikio yamelala nyuma. Mtoto akamshika mkanda wa shingoni taratibu, akampa pupu, akampa lingine na lingine. Kisha nikasema, "Sasa mwachie. Mwambie, nenda kacheze."

Mtoto akanitolea macho. "Mjomba! Nimwite, halafu nimwachie tena? Sasa nimemwita wa nini?"

Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote mliyouliza leo, na hata wakubwa wengi hawaliulizi. Mrudieni yule mama wa Mtaa wa Kongo. Kijana amemuuzia shuka, kisha akamwacha aende zake kwa amani. Hakumng'ang'ania upindo wa kanga. Angemng'ang'ania, mama angepita mtaa wa pili siku zote. Bobi vilevile. Akijua kwamba mluzi maana yake mchezo umekwisha, atauchukia. Basi katika kila miito kumi, tisa mrudishe kwa wenzake. Akirudi anakula, anasifiwa, na anakwenda kucheza tena. Apate hasara gani?

"Na siku asiporudi, nimfukuze?"

Usimfukuze kamwe. Ukimfukuza, kwake huo ni mchezo, na miguu yake ni minne. Geuka wewe, ukimbie upande wa pili, ucheke, upige makofi. Mbwa wengi hawavumilii kuachwa.

"Na akichelewa sana, halafu akaja?"

Mpe pupu.

"Hata kama nimekasirika?"

Hata kama umekasirika. Hili ni gumu, najua. Lakini ukimwadhibu, mbwa haoni kwamba ameadhibiwa kwa kuchelewa. Anaona ameadhibiwa kwa kurudi. Meza hasira yako, mpe chake, kesho fanya mazoezi zaidi, mbali zaidi na wenzake. Na jambo asilolipenda, kama kuoga au kufungwa, usimwite kwa mluzi. Mfuate mwenyewe alipo.

Bobi leo anarudi. Si kila mara. Mbwa si mashine. Jike akiwa kwenye joto, Bobi hafunguliwi kabisa, maana hakuna pupu la kushindana na hilo. Lakini kichochoroni, wenzake wakiwa wamejaa nyuma ya bucha, mluzi ukilia anainua kichwa, anageuka, anakuja. Mzee wa kanzu nyeupe anapita salama.

Bado jambo moja, na hapa nawaomba mniangalie usoni. Mbwa wote mnaokutana nao si kama yule jike mpole. Mkiona mbwa msiyemjua anayetokwa na mate mengi, anayeyumba, anayeuma ovyo hata vijiti na mawe, msimkaribie. Mwiteni mbwa wenu, ondokeni, mwambieni mtu mzima. Huenda huyo ana kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hupita kwa mate, hasa mbwa anapouma, na dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara hufa.

Ukiumwa na mbwa, au hata ukikwaruzwa au kulambwa kwenye kidonda, usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku ileile ukapewe chanjo. Chanjo hiyo ina historia ya mtoto kama ninyi. Mwaka 1885 mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, aliumwa na mbwa mwenye kichaa. Mama yake akampeleka Ufaransa kwa mwanasayansi Louis Pasteur, ambaye alikuwa ametengeneza chanjo mpya. Akachomwa sindano siku baada ya siku. Mvulana akaishi, akawa mtu mzima. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na ndiyo maana kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kwa hiyo kabla ya kununua mapupu, kabla ya kutafuta kamba, waambieni wazazi wenu wamtafute afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo. Mbwa wenu achanjwe akifikisha miezi mitatu, arudiwe kila mwaka, na kadi yake itunzwe. Asiyechanjwa asifunguliwe kwenda kucheza na wenzake. Anzeni na hilo kesho asubuhi.